Wafanyakazi Wenzake na Marehemu

Kuna watu wakifa ndugu wanagombania kuwazika, na kuna watu wakifa inabidi mtu aende kuwaombea shimo. Violet alikuwa wa hao wa pili. Aliyekwenda kumwombea alikuwa Elieshi, mwenyekiti wa kikundi chao cha Sombetini, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, ambaye mdomo wake ukifunguka hata mgambo wa jiji wanatafuta njia nyingine. Siku hiyo mdomo ulikuwa mkavu. Alikaa kwenye mgahawa mmoja wa Usa River, amevaa gauni la heshima la kuazima, soda iko mbele yake hajaigusa, anamngoja kaka wa marehemu atoke kazini.

Tusizungukezunguke. Elieshi, Violet na wenzao wa kile kikundi walikuwa wanawake wanaouza miili yao. Watu wana majina ya kuwaita, unayajua, na huenda umewahi kuyatumia. Wenyewe waliiita kazi. "Leo naenda kazini," basi, yameisha. Kikundi walikianzisha baada ya mwenzao mmoja kuzikwa na jiji bila jina wala ua, wakaapa kwamba mtu wao hatazikwa hivyo tena. Wakawa wanapelekana hospitali, wanadhaminiana polisi, wanazikana. Wakashona na sare ya kitenge kama vikundi vyote vya akina mama, cha njano chenye ndege. Violet ndiye aliyekichagua, na walimcheka siku nyingi kwamba amewavisha kuku.

Sasa Violet alikufa vipi? Alipigwa. Aliyempiga ni mteja wake wa muda mrefu, mwanamume wa Njiro mwenye maroli, anaitwa Ephraimu. Siku zote alikuwa mpole, analeta hata matunda, mpaka siku alipogundua kwamba Violet ni dada wa Abdiel, msimamizi wa maroli yake kule Usa River. Hofu ikampanda kichwani. Huyu atasema kwao, kwao watasema kanisani, na mke wangu atayasikia! Violet akamwapia kwamba hajawahi kumtaja popote. Alikuwa anaapa huku anapigwa mateke ya tumbo.

Zahanati wakamwambia hawamgusi mtu aliyepigwa bila fomu ya polisi, PF3. Akaenda kituoni kuiomba, amejikunja, anashikilia ukuta. Askari wa zamu akamuuliza anafanya kazi gani, na Violet, kwa maumivu yale, akajibu ukweli. Jamani! Askari alicheka mpaka akawaita wenzake waje wasikie. Mmoja akasema mchuuzi akiumizwa na mzigo wake mwenyewe haji kushtaki. Fomu hakupewa. Alipewa sakafu ya mahabusu kwa kosa la uzururaji, na Elieshi alipokuja kumdhamini kesho yake, tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Wakapanda bajaji kwenda hospitali kubwa. Hawakufika. Violet alikata roho njiani, kichwa kiko mapajani mwa Elieshi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa mafupi: "Nipelekeni nyumbani. Mnilaze kwa baba. Mama asijue."

Hayo maneno Elieshi aliyabeba kama mtu anavyobeba maji kichwani, akiogopa hata kugeuka. Kwa baba maana yake kihambani, kwenye migomba na kahawa ya kwao, juu kwenye miteremko ya Meru, ambako kila mtu wa ukoo ana mahali pake. Mama asijue maana yake ni nini, hakuuliza. Aliona iko wazi.

Kulikuwa na jambo la pili. Kikundi kilikuwa na binti mmoja mwanasheria wa shirika la kutetea wanawake, jina lake Lilian, aliyekuwa akiwasaidia bila kudai hata nauli. Lilian alimwambia Elieshi mbele ya mochwari: "Dada, huu mwili usizikwe kabla daktari hajaufungua na kuandika alichokiona. Ukizikwa hivihivi, aliyempiga amepona. Nyinyi mnanijua mimi, lakini mbele ya polisi nyinyi si kitu kwa marehemu. Nitafutieni ndugu mmoja wa damu asimame na sisi. Mmoja tu."

Ndugu mmoja wa damu. Elieshi hakuwaza mara mbili. Ndugu ni Abdiel. Msiba unazungumzwa na wanaume, ndivyo alivyolelewa, maana na yeye ni Mmeru wa hukohuko mlimani. Mwanamke aliyezeeka akigombana na dunia nzima, aliyewahi kumvua askari kofia, alipofiwa alirudi kwenye adabu ya kwao kama mtoto mwema. Akamtafuta mwanamume.

Abdiel alikuja, koti limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alisalimia vizuri, akaketi, akasikiliza. Elieshi alimweleza yote kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye jina, Abdiel akainua kichwa.

"Ephraimu yupi?"

"Wako."

Abdiel alitazama nje, yalikoegeshwa maroli. Akasema ngoja nipige simu. Akatoka, akaongea nje akizungukazunguka, mkono mmoja kiunoni, na Elieshi kupitia dirishani alimwona akitikisa kichwa kukubali, akakubali tena, akakubali tena. Aliporudi alikuwa ameshakuwa mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

"Dada yangu," alisema, "tuzungumze kama watu wazima. Mwili nitauchukua. Atazikwa kihambani, ubavuni mwa baba. Mchungaji atakuwepo, kengele ya kanisa itagongwa. Nani katika wenzenu amewahi kupata hayo?"

"Hakuna," Elieshi alisema, na ilikuwa kweli.

"Basi. Ila alikufa kwa presha. Hakuna kupasuana, hakuna polisi, hakuna jina la mtu. Mkienda polisi, mimi huyo marehemu simfahamu, na mwende mkamzike na jiji lenu."

"Abdiel, huyu ni dada yako."

"Ndiyo maana nakuambia nitamzika."

Elieshi alimtazama kwa chuki ambayo hakuificha. Mikono ilimwasha. Lakini akakumbuka yale maneno ya kwenye bajaji, akauliza, "Na mama?"

Hapo Abdiel akajua amempata. Akalainisha sauti. "Mama moyo wake mbovu. Yeye anajua binti yake alikuwa mhudumu wa hoteli. Ukimpelekea haya unayosema utamuua palepale. Unataka kuzika wawili?" Akanywa ile soda ya Elieshi, naam, ya Elieshi, akafuta mdomo. "Na mtakaokuja msivae zile sare zenu. Mkae nyuma. Mkiitwa, msisimame. Kwetu watu wanajua alikuwa anafanya kazi hotelini."

Elieshi akakubali.

Jioni ile aliwaeleza wenzake chumbani kwake, na Sinyati, binti wa Monduli, mdogo kuliko wote kikundini na mkali kuliko wote, akasimama wima. "Umemuuza! Umemuuza kwa kengele!"

"Nimempa alichoomba."

"Aliomba apigwe mateke? Aliomba yule mwanamume alale kwake usingizi mnono?"

"Aliomba nyumbani! Aliomba mama asijue! Wewe ulikuwepo kwenye bajaji? Mimi ndiye nilifumba macho yake kwa mkono huu, Sinyati, usinifundishe!" Elieshi alilia kwa hasira, na wenzake hawakuwahi kumwona analia. Hakuna aliyebisha tena. Lilian alipopigiwa simu na kuambiwa ndugu wamekataa, aliuliza, "Wote?" Elieshi akajibu, "Wote." Alikuwa amemuuliza mmoja.

Siku ya mazishi walipanda mlima kwa miguu kutoka barabara ya lami, tope linavuta viatu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Walivaa khanga za giza na kofia za sufu kwa baridi, nyuso zimeoshwa hazina hata poda. Mtu angedhani ni akina mama wa kwaya waliokosa gari. Wakakaa nyuma kabisa ya turubai, karibu na banda la mbuzi, na mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akigawa chai akawapita. Akarudi, akawapita tena, birika bado linatoa moshi.

Na niseme ukweli, Abdiel hakuvunja hata neno moja. Kaburi lilichimbwa ubavuni mwa baba yake, pale kahawa inapoanza. Mchungaji alikuja na joho lake. Kengele iligongwa, ikasikika mpaka ng'ambo ya mto, na Elieshi akahesabu kila mlio. Kila alichoahidiwa kilikuwepo. Ndicho kilichomuuma, maana mtu akikutapeli unapata pa kulaumu.

Mama wa marehemu alikaa mkekani mbele, mwanamke mdogo wa umbo, miguu ameinyoosha, khanga imefungwa kichwani. Kila aliyekwenda kumpa pole alimwita Mama Abdiel. Pole Mama Abdiel. Jipe moyo Mama Abdiel. Hakulia. Elieshi kwa mbali aliiona pua ya Violet kwenye uso ule, akaangalia chini.

Msoma ratiba alikuwa jamaa mmoja mwenye sauti nzuri na kipaza sauti kibovu. Akasoma wasifu. Marehemu alikuwa mhudumu wa hoteli, mchapakazi, mcha Mungu, aliyefariki ghafla kwa presha. Sinyati akaguna. Elieshi akamshika mkono, akaubana.

"Kabla hatujaendelea," msoma ratiba akasema, "familia inatoa shukrani kwa wote waliojitoa. Kwa namna ya pekee tumshukuru bwana Ephraimu wa Njiro, mwajiri wa kaka wa marehemu. Ameshindwa kufika kwa majukumu, lakini ameguswa mno. Saruji yote mnayoiona, mchanga na kokoto, ni yeye. Mungu amzidishie."

"Amina," watu wakaitikia.

Ile saruji ilikuwa imepangwa pembeni ya kaburi, mifuko mizuri mipya, na vijana wenye makoleo walikuwa wameshaanza kuchanganya zege. Siku hizi kule makaburi hufunikwa kwa zege siku hiyohiyo, ni heshima, marehemu asilowe. Elieshi aliitazama ile mifuko mpaka macho yakamwuma. Mwanamume amemuua mtu, halafu amemnunulia kifuniko! Na watu wamesema amina. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jeneza likashushwa. Kwa desturi, kabla ya zege, watu huitwa kwa mafungu wakatupe udongo. Akaitwa mama, akatupa. Wakaitwa kaka na wake zao, wajomba, mashangazi, majirani, wazee wa kanisa, umoja wa wanawake. Kila fungu likasimama, likatupa, likarudi. Halafu msoma ratiba akageuza karatasi yake na kusema kama anavyosema kwenye kila msiba:

"Wafanyakazi wenzake na marehemu."

Hakuna aliyesimama.

"Wafanyakazi wenzake na marehemu, karibuni."

Watu wakaanza kugeuza shingo. Msiba usio na mfanyakazi mwenza! Hoteli gani hii isiyoleta hata mtu mmoja? Abdiel akamfanyia msoma ratiba ishara apite mbele, aende kwa marafiki. Huku nyuma wanawake wa Sombetini walikuwa wamekaa kama waliopigiliwa misumari. Mmoja aliuma pindo la khanga. Sinyati alitaka kuinuka, na vidole vya Elieshi vilikuwa vimemkaza mkononi mpaka damu haipiti.

Ndipo mama wa marehemu akainuka mkekani. Watu wakadhani anakwenda msalani, mashangazi wawili wakamfuata, akawazuia kwa mkono. Alipita katikati ya turubai, akapita viti vya wageni wa heshima, akaja mpaka kwenye banda la mbuzi, akasimama mbele ya Elieshi.

"Wewe ndiye Elieshi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama."

Elieshi hakuweza.

"Violet aliniambia kazini kwao kuna dada mmoja mnene, Elieshi, ana sauti kubwa, akisema mji mzima unasikia," mama alisema. "Mbona leo umekaa kimya? Simama, wameita wafanyakazi wenzake. Simameni nyote."

Wakasimama. Wakapita kati ya watu nyuma ya yule mwanamke mdogo, na minong'ono ikawafuata, na mama mmoja wa umoja wa wanawake akavuta sketi yake pembeni wasiiguse. Abdiel alikuwa amekunja uso lakini hakusogea, maana mchungaji alikuwa anatazama. Pale kaburini mama akachota udongo, akauweka kwenye kiganja cha Elieshi, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili, na hakukiachia.

"Nimemvalisha mwenyewe asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Wamenikataza, nimewafukuza chumbani. Nimeliona tumbo. Nimezaa, nimeuguza, nimezika mume. Presha haimpigi mtu mateke. Nani?"

"Mama, alisema wewe usijue."

"Nisijue nini? Kazi yake? Hoteli gani mtu anarudi Krismasi ana alama za meno shingoni? Alikuwa ananificha, na mimi nikawa namficha kwamba najua, asione haya kuja kula kwangu. Tumefichana hivyo miaka yote." Uso wake haukubadilika, lakini alizidi kukibana kile kiganja. "Kile kitenge chenu cha njano nimekikuta kwenye mfuko wake. Nimemfunga kiunoni, ndani ya gauni. Abdiel hajui. Sasa nakuuliza, na hao wanachanganya zege. Ulikuwa unalijua hili, kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilizungumza na Abdiel."

"Abdiel alimzaa?"

Mama akamvuta karibu zaidi.

"Hapa wote wananiita Mama Abdiel. Na wewe uliyekula naye, uliyelala naye chumba kimoja, na wewe kwako mimi ni mama wa Abdiel tu. Mngenijia, mngesema mama, weka dole gumba hapa, ningeweka. Nisingeuliza hata karatasi inasema nini. Ningelala mlangoni kwa hao polisi wenu mpaka wanizoe kwa ufagio."

Ndugu mmoja wa damu, alisema Lilian. Mmoja tu. Alikuwepo, alikuwa amekaa hapa mlimani anangoja mtu amuulize, na Elieshi alimruka kwa heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini wao walikificha hata kifo chenyewe.

Elieshi akasema jina.

Mama aligeuka polepole akaitazama mifuko ya saruji. "Huyu?"

"Huyo huyo, mama."

Yule mwanamke akawageukia vijana wa makoleo, akapaza sauti. "Acheni! Acheni hiyo kazi. Mtoto wangu hafunikwi leo. Mtoeni."

Makoleo yakasimama. Kwa muda mfupi hakuna kilichosikika ila mbuzi. Vijana hawakumtazama mama. Walimtazama Abdiel, wote kwa pamoja, kama walioambizana.

Abdiel akaja mbio, akamkumbatia mama yake mabegani, kwa upole wa kutisha. "Mama, msiba umekulemea. Hujala tangu jana." Akawageukia watu. "Mtuwie radhi. Mnajua uchungu wa mzazi. Akina mama, msaidieni aingie ndani akapumzike."

"Sijalemewa! Abdiel, niachie! Dada yako ameuawa, na wewe unajua!"

Maskini, walimwonea huruma. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, kwamba walimwonea huruma kwelikweli. Wanawake wenye mioyo mizuri, wengine wanalia, wakamshika huku na huku, wakamwambia pole, pole Mama Abdiel, tulia, wakambeba karibu kumnyanyua juu. Khanga ya kichwani ikaanguka kwenye tope na mtu akaikanyaga.

Elieshi ndipo sauti yake ikarudi, ile sauti ya Sombetini. Ilitoka imechelewa lakini ilitoka. "Violet hakufa kwa presha! Alipigwa! Sisi ndio wafanyakazi wenzake, na kazi yetu mnaijua, na baadhi yenu mnatujua sisi pia! Aliyempiga ni huyo mliyemwitikia amina, ni..."

"Kwaya!" msoma ratiba akasema kwenye kipaza sauti. "Kwaya, wimbo!"

Na kwaya ikaimba. Unajua kwaya za mlimani, watu hawahitaji kinanda. Sauti nne zilipanda kwa mpigo na kumfunika Elieshi kama blanketi. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, Sinyati naye, wote, na vinywa vyao vilionekana vikifunguka na kufumba na hakuna neno lililofika kwa mtu. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa akimtazama Elieshi usoni, akimsoma midomo. Aliliona lile jina. Elieshi ana hakika aliliona. Akapandisha sauti zaidi.

Zege likamwagwa. Kwanza lilisikika likigonga mbao za jeneza, halafu likawa linaanguka juu ya zege lenzake, na mlio ukawa mwingine. Fundi akalisawazisha kwa mwiko, taratibu, akasogea nyuma kuangalia kama limelala sawa, akaondoa jani la mgomba lililoanguka. Akachukua msumari akaandika jina. Nyumbani kule ndani mtu alikuwa akipiga mlango kwa kiganja, tena na tena, mpaka akanyamaza. Shemeji mmoja ambaye ni nesi alikuwa ameingia na vidonge vya usingizi.

Kwaya ilipoisha, mchungaji akatoa baraka, macho chini. Hakuuliza kitu.

Abdiel aliwasindikiza mwenyewe mpaka kwenye njia, kama mwenyeji mwema. Alikuwa na tone la zege kwenye kiatu, akawa analifuta kwenye nyasi. "Nilikuahidi kihamba, umepata," alimwambia Elieshi. "Wewe uliniahidi kunyamaza. Lakini sitagombana na mtu siku ya msiba. Chakula naona kimeisha, nendeni salama."

Chakula hakikuwa kimeisha. Walikuwa wanayaona masufuria.

Walitembea mpaka njia ilipokata mfereji wa maji. Hapo Elieshi akampigia Lilian, akamweleza yote, hakujitetea.

"Mama yupo upande wetu?" Lilian akauliza.

"Yupo. Wamemlaza kwa vidonge."

"Kumtoa mtu chini ni kazi nyingine kabisa, dada. Ni mahakama, na ndugu watapinga, watasema mama si mzima wa akili, wameshaanza kusema. Nitajaribu. Nitapanda huko kumtafuta. Ila mwili unaharibika, dada. Siku ile pale mochwari ungetosha wino wa kidole chake."

"Najua."

"Samahani."

"Usiniombe samahani," Elieshi alisema, akakata simu.

Aliketi kwenye jiwe la mfereji na viatu vyake majini. Hakuna aliyemlaumu, na angependa wamlaumu. Angependa Sinyati amwambie tena umemuuza. Sinyati alikuwa amesimama mbele yake, alama za vidole vya Elieshi bado ziko mkononi mwake, nyekundu.

"Toa simu," Sinyati alisema.

"Ya nini?"

"Andika namba ya mama yangu. Siyo ya baba, siyo ya kaka, hata wakikujia na fimbo. Ya mama." Akaitaja. "Yuko Monduli, anaongea Kimaasai tu, tafuta wa kutafsiri. Mwambie kila kitu. Hata nikikuambia usimwambie, mwambie."

Elieshi akaandika. Akaja mwingine akataja namba ya mama yake, wa Babati. Akaja mwingine. Mmoja hakuwa na mama, akatoa ya mama yake mdogo. Walifanya hivyo pale mferejini, mvua ya rasharasha inaanguka kwenye vioo vya simu na wao wanafuta kwa khanga, mpaka akabaki mmoja aliyekuwa amejitenga, anavunjavunja kijiti.

"Mimi mama yangu hajui," alisema.

"Anajua," Elieshi alisema.

Yule dada akalia, halafu akataja namba.

"Na wako, mwenyekiti?" Sinyati akauliza.

Mama yake Elieshi alikuwa hai, kijiji cha pili kutoka pale, nyuma ya kilima. Hawakuwa wamesemezana tangu Elieshi ana nywele nyeusi zote. Simu ilikuwa mkononi mwake lakini hakuifungua kutafuta. Aliitaja namba kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kukosea, na Sinyati akaiandika.